Naomba ushauri: presha ya mama na chai ya likorisi

Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 61. Presha haishuki chini ya 160/100 hata baada ya kubadilishiwa dawa, potasiamu iko chini, 2.9, na renini na aldosteroni (homoni zinazodhibiti presha na chumvi mwilini) zote ziko chini. Daktari amemwanzishia vidonge vya potasiamu.

Kwa muda mrefu amekuwa akinywa chai ya mizizi ya likorisi kutuliza tumbo. Nimesoma kwamba huzuia kimeng'enya cha figo kinachogeuza kotisoli (homoni ya msongo) kuwa kotisoni isiyo na nguvu; basi kotisoli hufanya kazi ya aldosteroni, chumvi inabaki mwilini, potasiamu inapotea. Chai ameshaacha.

Kimeng'enya hicho huchukua muda gani kurudi kufanya kazi? Na tuombe kipimo cha mkojo cha kotisoli na kotisoni sasa hivi, au tusubiri? Nahofia sana moyo wake.