Paka Meneja hakojoi: gumzo la "Ukoo wa Bi Mwanaidi"

*Ijumaa*

Zuhura 22:51: Mlio macho jamani. Meneja tangu magharibi anaingia kwenye mchanga wake, anachuchumaa, anatoka mkavu. Akirudi tena analia. Sasa kajikunja chini ya kochi, nikimgusa tumbo anataka kuning'ata.

Mama Mkubwa Mwajuma 22:54: Hajapata choo huyo. Mpe mafuta ya nazi kijiko kimoja, atafunguka.

Zuhura 22:55: Shikamoo mama. Choo kapata asubuhi, nimeona mwenyewe. Ni mkojo.

Mama Mkubwa Mwajuma 22:55: Marahaba mwanangu. Basi maji mengi.

Salim 22:57: *Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Athumani 23:02: Paka kakosa mkojo, ukoo mzima umeitishwa kikao saa tano usiku. Haya.

Zuhura 23:03: Mjomba nenda kalale basi.

Zuhura 23:20: Nimepata bajaji. Kuna zahanati ya wanyama kule barabara kubwa, kibao kimeandikwa HUDUMA SAA 24.

Salim 23:21: @Idrissa uko wapi daktari wetu?

Mjomba Athumani 23:22: Idrissa yuko Gairo na ng'ombe za watu. Huko mtandao hadi upande kichuguu.

*Jumamosi*

Zuhura 01:37: Tumerudi. Naandika maana nikituma sauti nitaamsha mtoto.

Zuhura 01:41: Pale kinachokesha ni taa tu. Aliyenipokea ni mlinzi. Akampigia daktari, na daktari kabla hajauliza paka ana nini akauliza kama nina pesa taslimu. Elfu themanini ya kumtoa nyumbani. Nikasema ninayo. Tumekaa kwenye benchi mpaka miguu imekufa ganzi, mlinzi wa watu ndiye kanitafutia kanga ya kufunika kapu Meneja asipigwe na baridi.

Zuhura 01:44: Daktari kaja. Hakumtoa kwenye kapu. Narudia: HAKUMTOA KWENYE KAPU. Kamulika na tochi ya simu, kasema "ni maambukizi ya mkojo", kamdunga sindano tatu kupitia mlango wa kapu. Ya antibaiotiki, ya maumivu, na ya kukojoza. Elfu sitini nyingine. Namwambia daktari mshike tumbo, lina kitu kigumu. Ananijibu "mama, paka wana madeko, mlete Jumatatu".

Mama Mkubwa Mwajuma 01:46: Laki na arobaini na hajamgusa?

Zuhura 01:46: Kamgusa na sindano.

Mama Mkubwa Mwajuma 01:47: Laa haula.

Idrissa 05:52: Nimeingia Gairo mjini, mtandao ndiyo kwanza unashika. Zuhura, amekojoa?

Zuhura 05:53: Hata tone. Ametapika. Kichwa hanyanyui.

Idrissa 05:54: Usingoje Jumatatu. Usingoje hata chai. Njia ya mkojo imeziba. Paka dume njia yake ni nyembamba sana, chembechembe za madini na ute vinaganda mle ndani. Jike ni nadra kumkuta na hili. Mkojo usipotoka figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama. Siku moja au mbili, basi.

Idrissa 05:55: Na hiyo sindano ya kukojoza ndiyo inayonikera. Bomba limeziba, mtu anafungulia pampu.

Idrissa 05:56: Halafu Salim, umefuta lakini mimi arifa niliiona. Panadoli HAPANA. Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, nusu kidonge kinaweza kumuua.

Salim 05:58: Mbwa wetu wa Kange tulikuwa tunampa na akapona.

Idrissa 05:58: Alipona kwa ubishi wake.

Zuhura 05:59: Sikumpa. Sasa niende wapi?

Idrissa 06:01: Kabla ya kupanda chombo, piga simu. Uliza: una mpira wa mkojo wa saizi ya paka? Unaweza kumlaza kwa dawa ya usingizi sasa hivi? Ana pa kubaki na dripu? Akibabaika hata kwa moja, kata simu, piga kwingine.

Zuhura 06:19: Wa kwanza kasema nimlete amwone kwanza. Nimekata. Wa pili, Mikocheni, kajibu yote matatu halafu kaniuliza yeye: ametapika? Ana uzito gani? Niko njiani.

Mama Mkubwa Mwajuma 06:20: Tunakuombea mwanangu. Na Meneja pia.

Zuhura 08:47: Kamtoa kwenye kapu jambo la kwanza. Kamshika tumbo, hazikupita hata dakika mbili, akasema kibofu kimejaa na kimeziba. Kapima damu, potasiamu iko juu. Kamtundikia dripu, kamlaza, kaingiza mpira, kazibua kwa maji ya chumvi. Umetoka mkojo wa rangi ya damu, beseni zima.

Zuhura 08:48: Anabaki huko na mpira hadi Jumatatu. Hajaniahidi kitu. Laki tatu na nusu ya kuanzia.

Mjomba Athumani 08:55: Laki tatu na nusu. Mimi operesheni yangu ya ngiri haikufika huko.

Mjomba Athumani 09:03: Nimekutumia hamsini. Usimwambie mama Rehema.

Salim 09:04: Mjomba, mama Rehema yumo humu.

Mama Rehema 09:05: Nimeona.

Zuhura 13:30: Asante mjomba. Nimelala kidogo, hasira ndiyo zimeamka. Sikilizeni, mimi sidai kila zahanati iwe na kila kifaa. Usiku ule angesema tu "dada, sina mpira wa paka, nenda Mikocheni", ningempa hata hiyo themanini ya usumbufu na ningeshukuru. Kaninyima yale masaa. Paka kalala anaumia usiku kucha na mimi najua ameshatibiwa!

Mama Mkubwa Mwajuma 13:33: Labda hajui paka, mwanangu. Kwetu Tanga wengi wao ni wa ng'ombe na kuku.

Idrissa 13:40: Hilo kweli, mama. Hata mimi niliyesoma chuo kikuu cha kilimo, SUA, hapa kazini naweza kumaliza mwezi sijashika paka. Riziki yetu iko kwenye ng'ombe. Lakini kushika tumbo hakuhitaji mashine, na kibao cha saa 24 hajalazimishwa na mtu kukiweka. Zuhura, ni daktari au msaidizi?

Zuhura 13:41: Tofauti yake?

Idrissa 13:44: Daktari ana shahada na amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwenye stashahada, kama wanaotoka vyuo vya mifugo vya LITA, naye anatambuliwa na Baraza ila ana mipaka yake ya kazi. Wako wazuri mno, mimi nafanya nao kazi kila siku. Yote yako kwenye Sheria ya Veterinari ya 2003. Ukiwa na jina lake, Baraza wanaangalia kwenye daftari lao, na malalamiko wanapokea wao. Risiti unayo?

Zuhura 13:46: Kipande cha daftari. "Matibabu ya paka 140,000." Hakuna jina, hakuna mhuri, dawa hazijaandikwa.

Salim 13:47: Yaani hata kinyozi wangu ana risiti.

Idrissa 13:48: Dawa kutoandikwa ni kosa kubwa kuliko mhuri. Daktari wa Mikocheni kamlaza paka bila kujua ana dawa gani mwilini.

*Jumapili*

Zuhura 10:12: Kala samaki kidogo! Potasiamu imeshuka. Mpira bado upo. Daktari kasema akitoka chakula kiwe cha majimaji, asiishi kwa biskuti kavu.

Mama Rehema 10:14: Alhamdulillah. Mjomba wenu kauliza tangu alfajiri, anajifanya anaangalia saa kwenye simu.

Zuhura 16:25: Nimepiga kule kwa saa 24. Kapokea mlinzi. Bosi hayupo, hajui atarudi lini, ila yeye anauliza paka anaendeleaje.

Salim 16:26: Baraza limsajili mlinzi.

Mama Mkubwa Mwajuma 16:28: Umemjibu lakini?

Zuhura 16:29: Nimemjibu, na nimemshukuru kwa kanga. Nikamwomba majina matatu ya bosi wake. Kanitajia yote.