Tanuri la uani Tabora: vyungu 14 vimeingia motoni, vimetoka vitatu

Mwalimu_Ipuli

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, naishi Ipuli. Tangu mwaka jana nimeshikwa na ugonjwa wa kufinyanga. Siuzi wala sina mpango wa kuuza, ni kitu cha kunipumzisha kichwa baada ya kusahihisha madaftari 90. Mama mmoja anayeuza vyungu sokoni alinionyesha jinsi ya kuviringisha kamba za udongo, kuzipandanisha na kulainisha kwa gunzi la hindi, basi nikanogewa.

Kufinyanga naweza. Kuchoma ndiko kunakonishinda.

Jumamosi iliyopita nilichukua pipa la lita 200, fundi wa kuchomelea akanikatia juu na kulitoboa matundu chini. Nikaliweka juu ya mawe matatu, nikapanga vyungu 14 ndani, vidogo kwa vikubwa, nikajaza matawi makavu ya mwembe chini na pembeni. Nikawasha. Moto ukawaka vizuri sana, nikafurahi. Hazikupita dakika 20 nikasikia "pa!" Kisha "pa! pa!" Kuku wakaruka ukuta. Mtoto wa jirani akaja mbio kuuliza, "Mwalimu, unakaanga bisi?"

Nilipofungua jioni nimekuta vitatu vizima, na hivyo vitatu ukivigonga vinalia "du" kama unagonga boga. Vilivyobaki ni vigae.

Sasa nataka kujenga tanuri la kweli la tofali hapo uani. Nafasi niliyo nayo ni hatua tatu kwa nne, nyumba ni ya kupanga ila mwenye nyumba hana neno. Maswali yangu: nijenge la ukubwa gani, nitumie saruji au udongo, na kuni kiasi gani? Udongo naufuata upande wa bwawa la Igombe, ule mweusi wa mbugani. Vyungu nilivikausha siku tano kivulini. Natanguliza shukrani.

BaniKavu

Mwalimu, pole kwa msiba. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo, vyungu sifinyangi, lakini moto naujua kwa sababu umeshanila hela. Ngoja nikuulize kwanza: vile vigae vina sura gani? Kama kipande kimeruka kama kisahani, katikati kinene na kingo nyembamba, huo ni mvuke. Kama ni ufa mrefu ulioanzia mdomoni kushuka chini, hilo ni jambo lingine. Na uangalie ndani ya ufa: ukiwa umeingia moshi, chungu kilipasuka moto ungali unawaka. Ukiwa msafi, kilipasuka wakati wa kupoa.

Nahisi ni mvuke. Siku tano kivulini hukauka maji unayoyaona. Yaliyojificha ndani hayatoki mpaka moto uvuke nyuzi 100, na ukivuka kwa pupa yanageuka mvuke hayana pa kupitia, ndiyo bisi zako hizo. Halafu kuna maji mengine yaliyoshikamana na udongo wenyewe, hayo yanatoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Yakishatoka, udongo haurudi tena kuwa tope hata ukiuloweka mwaka mzima.

Kwetu kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, ni hivyohivyo. Jani ukiliwekea moto mkali siku ya kwanza, linakauka likiwa kijani na hakuna atakayelinunua. Unaanza na moto wa kubembeleza mpaka jani liwe njano, unapandisha kidogo ukaushe jani, unamalizia na kikonyo. Siku tano hadi saba hulali vizuri. Na pale mwisho kabisa tunafika nyuzi 70 na kitu tu! Wewe unataka 800, na ulianza na matawi makavu ya mwembe kwa mkupuo.

Kuhusu tanuri: jenga mraba, ndani sentimita 60 kwa 60, ukuta unene wa urefu wa tofali moja, kimo mita moja na robo. Tofali za kuchoma kama 350 hadi 400 zitatosha. Usiguse saruji. Saruji ikipata moto mkali inapoteza nguvu na kumeguka. Tumia udongo wa kichuguu na mchanga, uji mzito, basi. Ndivyo tunavyojengea tanuri za bani.

Chini, katikati, simamisha nguzo yenye upana wa sentimita 25 kutoka mbele hadi nyuma. Pembeni vitabaki vijia viwili vya moto, kila kimoja sentimita 17 na kidogo. Juu yake laza tofali zikiachana vidole viwili viwili, hiyo ndiyo sakafu ya matundu. Watu wengi huweka nondo. Nondo ikiwa nyekundu inapinda na vyungu vinamwagika, nimeona kwa macho yangu. Juu usijenge kuba, funika na vigae vyako hivyo vilivyopasuka (unavyo vingi) na kipande cha bati, acha upenyo wa moshi.

Kaka_Mpole

Mwalimu nunua sufuria tu, maisha mafupi.

Mwalimu_Ipuli

@Kaka_Mpole sufuria ninazo saba, asante.

@BaniKavu nimekwenda kuviangalia kwa tochi. Vigae vingi ni visahani kama ulivyosema. Lakini vyungu viwili vikubwa vina ufa kutoka mdomoni, na ndani ya ufa kuna moshi. Kingine nimegundua: ukikivunja kigae, katikati ni cheusi kama mkaa, nje chekundu. Hiyo ni nini tena?

Mjukuu_Ujiji

Habari zenu. Naandika kwa niaba ya bibi yangu, tuko Ujiji. Amefinyanga tangu hajaolewa, sasa macho yamepungua ila mikono bado. Nimemsomea uzi wote akacheka sana kwenye kuku. Nanukuu maneno yake, nimepunguza matusi:

"Mwambie huyo mwalimu tanuri asijenge kwanza. Udongo wake mbaya. Ule mweusi wa mbuga ni mnene, unakunywa maji mengi na unaponyauka unajivuta. Hauna mifupa. Aupe mifupa."

Mifupa ni vigae vya zamani. Vinatwangwa kwenye kinu, vinachekechwa kwa chekeche la unga. Kikombe kimoja cha vigae kwa vikombe vitatu vya udongo. Vigae vimeshapita motoni, havijivuti tena, na vinaacha vinjia vya mvuke kutokea. Anasema Mungu amekupa vigae vya bure, usivitupe.

Kipimo chake: tengeneza kijiti cha udongo, chora mstari wa sentimita 10 (yeye anapima kwa kidole, rula nimeongeza mimi), kikikauka pima tena. Ukikuta 9 au pungufu, ongeza mifupa.

Na siku tano hazina maana. Chungu kikauke mpaka kikauke. Unakichukua asubuhi unakiweka shavuni. Kikiwa cha baridi kuliko hewa, bado kina maji.

Weusi wa katikati anasema ni "moshi uliozaliwa ndani". Mimi nimesoma kemia kidogo, naona ni mabaki ya mizizi na majani yaliyomo kwenye udongo, hayakupata muda wala hewa ya kuungua yakaisha. Moto ukienda taratibu yanaondoka.

Mwalimu_Ipuli

Shikamoo bibi! Mwambie nimepima: sentimita 10 imekuwa 8 na nukta 7. Aibu yangu. Nimeanza kutwanga.

Mjukuu_Ujiji

Marahaba, anasema. Na anasema 8 na nukta 7 huo si udongo, huo ni mpira.

Chumvi_Uvinza

Mimi nachangia kwenye kupima joto, maana vipimo vya waya vya kuchomeka ni ghali na mtu wa kujifurahisha hahitaji. Chumvi inayeyuka kwenye nyuzi 801. Alumini nyuzi 660. Sasa chukua vikombe vidogo vya udongo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kimoja tia kipande cha sufuria chakavu, kingine tia chumvi yetu ya hapa Uvinza. Chumvi isage na uikaange kwanza ikauke, la sivyo chembe zinadunda na kuruka nje. Weka vikombe viwili chini, viwili juu. Siku ya kufungua utasoma: alumini imekuwa tone na chumvi bado chembechembe, basi ulikuwa katikati ya 660 na 801. Chumvi imekuwa kama barafu, umevuka 801.

Tafadhali usije ukamwaga chumvi motoni ukidhani itang'arisha vyungu. Ile kazi ya kung'arisha kwa chumvi inataka nyuzi 1,200 na zaidi, tofali zetu hazifiki huko, na hewa yake ni tindikali, itakuchoma koo.

BaniKavu

Nimejifunza kitu. Niongezee la kioo: moto mdogo ukishawaka saa mbili tatu, pitisha kioo cha kujitazamia juu ya upenyo wa moshi, sekunde moja tu. Kikiweka ukungu, maji bado yanatoka, endelea kubembeleza. Kikibaki kikavu, sasa ongeza kuni. Kuni za mwisho ziwe nyembamba kama kidole gumba na uzitie kidogokidogo: tia, moshi mweusi unatoka, subiri moshi uishe, tia tena. Ukizijaza zote pamoja unapata moshi mwingi na joto linashuka. Anza asubuhi ili jioni giza likiingia uone rangi. Mchana wa jua huwezi kuona wekundu wa ndani.

Kuni si lazima ukate mti. Maranda ya fundi seremala, magunzi, matawi ya mwembe yaliyopogolewa. Pumba za mpunga changanya kwenye udongo wa kupaka ukuta kwa nje: zinaungua, zinaacha vitundu na joto halitoroki. Majivu yake usiyavute, funga kitambaa puani.

Mwalimu_Ipuli *(wiki tano baadaye)*

Wakuu, nimerudi na ripoti. Mniwie radhi kwa urefu.

Tanuri limesimama, tofali 372. Milango miwili ya moto inatazama magharibi kwa sababu upepo wetu wa kiangazi unatoka mashariki, na nyuma nimeweka ukuta wa mabati. Udongo wenye mifupa umetoka 9 na nukta 3. Unakwaruza mikono lakini hausinyai ovyo. Wiki tatu za kukausha, na kila asubuhi kabla ya shule naweka vyungu shavuni. Mwanafunzi mmoja ameniona, sasa darasa la tano zima wanajua mwalimu anabusu vyungu.

Nilipanga 12. Saa tatu asubuhi nikawasha kwenye mdomo wa mlango tu, nje kabisa, moto wa kuchemshia chai. Kioo kiliweka ukungu mpaka saa saba na nusu! Nilikuwa tayari kukata tamaa. Saa nane kikabaki kikavu, nikaanza kusogeza moto ndani. Saa kumi jirani akatoa nguo zake kwenye kamba bila kusema kitu, nikajua nina deni, nimempelekea bakuli. Saa moja kasoro, giza linaingia, nikachungulia: chini nyekundu kama cheri... siyo cheri, sijawahi kuiona cheri, nyekundu kama nyanya iliyoiva. Juu wekundu wa kufifia. Nikaziba milango kwa tope.

Hakukuwa na "pa" hata moja.

Kosa nimelifanya usiku. Saa sita nikashindwa kulala, nikainua bati nichungulie kwa tochi. Nikasikia "ting", sauti nyembamba kabisa. Asubuhi nikakuta ule mtungi wangu bora, nilioupiga kokoto siku nzima hadi ukang'aa, una ufa kutoka shingoni hadi kitakoni. Ndani ya ufa pasafi kabisa. @BaniKavu ulishasema.

Vimetoka vizima 11. Vya chini vinalia "ngiiii" ukivigonga. Vya juu, vinne, bado vinalia "du". Vikombe vya Uvinza: chini alumini tone, chumvi barafu. Juu alumini tone, chumvi iko vilevile. Kwa hiyo chini nimevuka 801 na juu sijafika. Vyungu viwili vya chini vina madoa meusi ulimi wa moto ulipogusa, mimi nimeyapenda.

Bibi, maji yanavuja jasho kwa nje. Nifanyeje?

Mjukuu_Ujiji

Bibi anasema hongera, na mtungi uliopasuka usiutupe, unajua pa kuupeleka (kinuni). Jasho: pika uji mwembamba humohumo ndani, uchemke polepole, uuache ulale usiku mzima. Umwage asubuhi, usisugue kwa mchanga. Wanga unaziba vitundu. Mtungi wa maji hauhitaji hayo, jasho ndilo linalopoza maji.

Na anakuonya: kuna watu huwa wanayeyusha risasi ya betri za gari wapate kitu cha kung'arisha. Usithubutu, ile ni sumu, inaingia kwenye chakula.

Mwalimu_Ipuli

Nimeelewa bibi. Uji uko jikoni sasa hivi. Vile vinne vya juu naweza kuvirudisha motoni?

BaniKavu

Rudisha, vianzie chini safari hii. Moto wa kwanza fupisha kidogo maana vimeshatoa maji, ila usiruke kioo. Vigae vya kufunikia ongeza tabaka la pili, joto lako linatorokea juu. Na lile bati mwachie mtu mwingine alifunge usiku, wewe siuamini mkono wako.

Mwalimu_Ipuli

Nimempa jirani wa nguo.