Mayavuyavu yanajaa kwenye jarife, tufanyeje?

Kafi_Moja: Wakuu, tunatega jarife jioni, tunalitoa alfajiri. Siku hizi linapanda zito, ute mtupu wa mayavuyavu (jellyfish), na samaki wachache waliomo wamechubuka. Mnadani wanapewa bei ya chambo. Vijana mikono inawawaka. Kuna namna ya kutega, au tusubiri yaondoke? Na yananunuliwa?

Maji_Mafu: Usililaze usiku kucha. Samaki akifia wavuni anasuguliwa na mayavuyavu hadi asubuhi, hapo ngozi imekwisha. Mwaga kipande kimoja kwanza, dakika 20, kitoe uangalie. Mayavuyavu yakizidi samaki, hama. Yakiwa yanaelea juu, refusha kamba za maboya wavu uzame mita mbili tatu. Na kaa mbali na ule mstari wa povu na takataka: yavuyavu haliwezi kushindana na mkondo, linarundikwa palepale.

Dagaa_Kavu: Wenye mtando wasilazimishe kuvuta. Yavuyavu ni maji zaidi ya asilimia 95, ila macho ya wavu yakishaziba hakuna kinachochuja. Zamisheni maboya upande mmoja mayavuyavu yatoke, dagaa wakipotea basi. Mwaka 2009, karibu na Chiba, Japani, boti ya tani 10 ilipinduka ikivuta wavu uliojaa mayavuyavu ya Nomura (moja hufika kilo 200). Mabaharia watatu waliokolewa. Pia tazameni maji ya kupoza mashine: yakikatika, zima, tundu la kuvutia maji limeziba.

Kafi_Moja: Tukiyakatakata kwa panga humo humo majini?

Maji_Mafu: Hapana. Vipande vya mikia (zile nyuzi zake ndefu) vinaendelea kuchoma, na sasa vinapita hadi machoni mwa wavu.

Dawa_Pwani: Aliyechomwa asisugue, asipake mchanga, na habari za mkojo muache. Suuza kwa maji ya bahari, si ya kisima. Maji baridi yasiyo na chumvi yanafyatua vijifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Ng'oa nyuzi kwa kibano au mkono wenye glovu. Kisha maji moto ya nyuzijoto 45 za Selsiasi, dakika 20. Mwenzake ayajaribu kwanza, ngozi iliyochomwa haipimi joto vizuri. Likiwa yavuyavu la umbo la sanduku, mikia ikining'inia kwenye pembe nne, mwagia siki sekunde 30 kabla ya kung'oa chochote. Akibanwa kifua au pumzi, hospitali moja kwa moja. Wavu nao uoshwe kwa maji ya bahari: nyuzi zilizokauka zikilowana tena zinachoma.

Dagaa_Kavu: Soko liko Asia, kwa aina chache zenye nyama ngumu. Husindikwa kwa chumvi na shabu (alum), kazi ya wiki kadhaa, na uzito unaobaki ni mdogo sana. Bila mnunuzi aliyekwisha kuiona sampuli, usinunue hata kilo ya shabu.

Kafi_Moja: Shukrani. Siki ya dukani inafaa?

Dawa_Pwani: Inafaa. Lita moja ikae chomboni, mbali na dumu la petroli, na iandikwe.