Ulinganisho: AD&D, toleo la tano au Pathfinder? Mhusika ajue alaimenti yake au asijue?

Mtemi_wa_Makole
Wakuu, habari za jioni. Tunaanzisha kampeni mpya (hadithi ndefu ya mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa dadu, wa aina ya Dungeons & Dragons yaani D&D, ambapo msimamizi mmoja anasimulia na kuamua) hapa Dodoma na natakiwa kuchagua kanuni mapema, maana kuna ndugu yangu anarudi kutoka Uingereza na ana nafasi ya kitabu kimoja tu kwenye begi. Nimebaki na tatu: AD&D (Advanced D&D) ya zamani, toleo la tano la D&D, au Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo, iliyorekebishwa 2023.

Kinachonikwamisha ni alaimenti, yaani upande wa kimaadili wa mhusika: mwema au mwovu, mfuata sheria au mvurugaji. Wachezaji wangu wamegawanyika. Wengine wanasema mhusika anajijua kabisa kwamba ni mwema au mwovu. Wengine wanasema ile ni alama ya mchezaji kwenye karatasi, mhusika haioni. Kanuni zipi zinalimaliza hili? Nawasilisha.

Dadu_Ishirini
Mkuu, mada nzuri ila umetubania taarifa. Wachezaji wangapi? Washawahi kucheza au ndio wanaanza? Kuna anayetaka kucheza paladini, yule shujaa mtakatifu mwenye nguvu za kiungu? Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote.

Halafu kwa nini ununue? Kanuni za msingi za toleo la tano ziliachiwa kwa leseni huria Januari 2023, na za Pathfinder zinasomeka bure mtandaoni kihalali. Pakua, kachapishe stesheneri, maliza.

Mwalimu_Chimwaga
Mleta mada, jibu linategemea ulimwengu wenyewe una kipimo au hauna.

D&D ya 1974 ilikuwa na pande tatu tu: Sheria, Vurugu na wa katikati. AD&D ikaja na alaimenti tisa, na kila moja ikapewa lugha yake ya siri. Mhusika mwema mfuata sheria anaizungumza lugha ya wenzake bila kufundishwa na mtu. Akibadilika upande, lugha ile inamtoka, na anashuka levo moja. Huyo huwezi kuniambia hajijui! Asubuhi anaamka, maneno aliyosemea jana hayapo mdomoni.

Toleo la tano la 2014 liligeuza mambo. Uganga wa kubaini wema na uovu unaonyesha aina ya kiumbe tu: mashetani, wafu wanaotembea, viumbe wa mbinguni na wengine wa namna hiyo. Mwenyekiti wa kijiji anayekula mahindi ya msaada atapita mbele ya paladini na paladini hatahisi chochote. Kuna kijini kidogo kiitwacho sprite ambacho kikikugusa kinaweza kuijua alaimenti yako, basi. Mtu wa kawaida anabaki na dhamiri yake.

Pathfinder ya 2023 imeifuta alaimenti. Imebakiza maagizo na miiko: mungu wako anataka hiki, anakataza kile. Mimi nakushauri hiyo. Mwiko mtu anaujua, na akiuvunja anajua ameuvunja.

Binti_Mpwapwa
Mwalimu amesema vizuri, lakini naomba niseme yaliyonikuta, maana yaliua kundi zima.

Tulicheza toleo la tatu la D&D, lile la 2000, ambalo paladini lazima awe mwema mfuata sheria na akitenda uovu kwa kukusudia nguvu zinamtoka. Kaka mmoja pale mezani ndiye aliyekuwa paladini. Tukafika kijijini, kiangazi, chakula chote kimo kwenye vihenge vitatu vya mtama. Kimoja kimeingiwa na laana: anayekula mtama wake anakufa, usiku anaamka anatembea. Hatujui ni kipi, na usiku unaingia. Paladini akawatoa watu wote nje, akahesabu watoto mmoja mmoja kwa majina, akachoma vyote vitatu. Akawaambia wanakijiji atawaletea chakula mwenyewe, hata kama ni kwa kukibeba mgongoni.

Msimamizi akafunga daftari, akasema: "Umewanyima watu chakula, huo ni uovu, nguvu zako zimekwisha." Bila onyo, bila ndoto, bila hata kuhani wa kumkemea. Kaka wa watu akauliza, "Mhusika wangu anajua kwamba ametenda uovu?" Akajibiwa, "Sasa anajua." Walibishana mpaka mwenye nyumba akazima taa ya sebuleni. Hatukukutana tena.

Kwa hiyo, Mtemi, kabla ya kitabu amueni nani anayehukumu, na mhusika anapewa ishara gani kabla ya hukumu.

Dadu_Ishirini
Pole dada, ila hapo kosa ni la msimamizi, kitabu hakina kosa. Toleo hilohilo linamruhusu paladini kubaini uovu muda wowote anaotaka. Ulimwengu wenye kipimo namna hiyo, mtu mzima mwenye akili lazima ajijue.

Kolo_Kondoa
Dadu, si lazima. Pathfinder ya kwanza, ya 2009, mwovu wa kawaida aliye chini ya daraja la 5 haonekani kwa uganga huo. Yaani tapeli wa sokoni anapimwa, anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani akijiona mtu safi. Nyani haoni kundule.

Na huku kwetu angalia: mchawi anajijua ni mchawi, ila ukimuuliza atakwambia analinda boma lake.

Dadu_Ishirini
Mchawi usimlete hapa. Anajua anaroga. Kujua ni mwovu ni kitu kingine.

Kolo_Kondoa
Ndicho ninachosema! Anajua tendo, hajui jina lake. Alaimenti ni jina.

Mwalimu_Chimwaga
Kwenye AD&D anajua na jina. Narudia.

Mtemi_wa_Makole
Asanteni sana. Wachezaji ni watano: wawili wanafunzi wa UDOM, mmoja anafanya kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, na wawili wanakuja na treni ya SGR kutoka Dar pale ratiba inapowaruhusu. Watatu hawajawahi kucheza. Na ndiyo, mmoja anataka paladini, hataki kusikia kingine.

Binti_Mpwapwa
Basi toleo la tano. Paladini wake anafungwa na kiapo, na alaimenti yoyote inakubalika.

Mwalimu_Chimwaga
Hapana, Pathfinder. Kwa wanaoanza, miiko inaeleweka haraka.

Kijana_wa_Nkuhungu
Samahani kuingilia. Dadu za nyuso 20 mnapata wapi hapa mjini? Nimezunguka Majengo yote naona za ludo tu.

Dadu_Ishirini
Hazipo. Tumia programu ya simu, au mwambie ndugu wa Mtemi abebe dadu badala ya kitabu. Hazina uzito.

Kolo_Kondoa
Hilo wazo zuri. Mtemi, kama anabeba dadu, seti moja yangu, nitakutumia hela. Na mnakutania wapi? Nyerere Square jioni kelele nyingi.

Mtemi_wa_Makole
Mtaani Kisasa, kwa yule wa Mtumba. Nitamuuliza ndugu kuhusu dadu. Kitabu bado sijaamua, naona paladini wangu naye ameusoma uzi huu na ananipigia.