Ukuta unabanduka rangi chini kila mwaka: tupeane uzoefu, wewe ulimalizaje?

Wakuu, habari za leo. Nyumba yangu ipo Kigamboni, tulihamia 2016. Mwaka wa pili tu rangi ya sebuleni ikaanza kututumka na kubanduka, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe wa chumvi. Fundi anakwangua, anapiga puti, anapaka upya. Masika ikipita tumerudi palepale. Nimerudia mara tatu, na inauma.

Mwaka jana nikamwita fundi ujenzi mtu mzima badala ya fundi rangi. Hakugusa ukuta wa ndani, alianza kuzunguka nje. Akanionyesha kitu nilichokuwa nakipita kila siku: nilipotandika vitofali vya uani nilimwaga kifusi kingi mpaka ua ukawa juu kuliko jamvi la ndani, yaani sakafu ya zege. Mvua yote ilikuwa inalala ukutani. Tukachimbua, tukashusha ua sentimita 15 chini ya jamvi na kuupa mteremko. Alipofukua kona moja, juu ya msingi hakukuwa na nailoni hata kipande, ile ya kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Kuiingiza nyumba ikiwa imesimama ni kazi nzito: unakata ukuta kipande kifupi, unalaza nailoni, unajaza, ndipo unahamia kingine. Nilimudu ukuta mmoja tu, ule unaopokea maji. Ndani tukabandua lipu hadi mita moja na kuuacha wazi miezi miwili ukauke, ingawa wageni walishangaa. Masika hii umekaa mkavu. Wewe unayejenga sasa, siku ya kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali juu ya msingi, usikose saiti, uione nailoni ikilazwa kwa macho yako.

Kutoka Unguja
Assalaam aleikum. Sisi ni nyumba ya Mji Mkongwe, mawe na chokaa, na kosa letu ni jengine. Marehemu baba alipiga lipu ya sementi chumba cha chini akitaraji ataimarisha. Kuta hizi nene hunywa maji, na chokaa huyaacha yatoke kwa hewa. Sementi iliyafungia ndani, yakapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti. Boriti mbili za mkoko zilioza, tukazibadilisha. Sementi yote tumeitoa, tumerudisha lipu ya chokaa na mchanga usio wa pwani. Piga tabaka nyembamba nyembamba, ukipiga nene kwa mara moja itapasuka, na uirushie maji siku kadhaa kwani chokaa hukomaa pole pole. Juu yake tumepaka chokaa vilevile. Rangi ya plastiki ingeturudisha kule kule.

Kutoka Mombasa
Kabla hujavunja chochote, hakikisha si bomba. Langu lilikuwa doa la kiuno kwenda juu, ukuta unaopakana na bafu, na niliambiwa ni maji ya ardhini. Nikafunga mifereji yote ya nyumbani, yaani koki za maji, usiku, nikaandika namba ya mita ya maji. Asubuhi ilikuwa imesonga. Kiungo kimoja ndani ya ukuta ndicho kilichokuwa kikivuja.

Fundi rangi, Tanga
Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache siku mbili. Maji yakiwa upande wa ndani wa nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa nje yake, ni mvuke wa chumbani, fungua madirisha. Mimi sipaki nyumba ya mtu kabla ya hapo.

Kutoka Bagamoyo
Asanteni. Mimi nimeshauriwa nibandike vigae ukutani hadi mita moja ili kuficha. Kuna aliyefanya?

Mwenye mada
Dada, jirani yangu alifanya. Unyevu ulivuka vigae ukatokea juu yake, na baadhi vikaanza kulia uwazi ukivigonga. Anza nje kwanza: angalia ua wako umekaa wapi ukilinganisha na jamvi, kisha uturudie na picha.