Tupeane uzoefu: paka wako unampa punje kavu, chakula laini, au unachanganya?

BintiKibirizi:
Habari za jioni wakuu. Leo nimepita kwa jirani nikakuta bakuli la paka limejaa punje kavu hadi juu, na pembeni kikombe cha maji kimekauka, kina vumbi. Roho imeniuma. Nimekumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, watu wasivue, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Huku kwetu Kibirizi, Kigoma, chakula cha paka hatukiwazii, dagaa wapo kila kona. Ziwa lilipofungwa hata dagaa wa mboga ya watu tukawa tunawahesabu. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikanunua punje za kupima. Paka wangu alizipenda, akanenepa, lakini choo kikawa kigumu kama kokwa. Anakaa kwenye mchanga analia. Nikaanza kulowanisha punje kwa supu na ndani ya siku chache akawa sawa.

Wenye paka Kigoma, Tabora na kwingine, tupeane uzoefu. Kavu kiasi gani, laini kiasi gani? Maana ya makopo bei yake si ya kila siku.

MamaWawili:
Choo kigumu hata kwangu kilitokea. Nakazia.

Nyau_Ujiji:
Dada umenigusa pabaya. Dume wangu tunamwita Koroboi, nimemlea tangu hajafumbua macho. Miaka miwili nilimpa kavu tupu, kwa sababu kazi zangu ziko Uvinza, natoka alfajiri narudi usiku, na punje haziozi. Ijumaa moja narudi, namkuta kwenye beseni la mchanga. Anachuchumaa, hakitoki kitu. Anatoka, anajilamba huko chini, anarudi. Nikajua ni choo. Nikamnywesha mafuta ya kula kijiko kimoja, nikalala.

Jumamosi asubuhi vilevile, ila sasa analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa paka. Mama mkubwa akasema amekula sumu ya panya, apewe maziwa. Tukampa. Jioni akatapika yote, akaingia uvunguni. Nilipomvuta nikamshika tumbo, nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama chungwa. Nikapata namba ya daktari wa mifugo kwa mfuga ng'ombe mmoja. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Ni dume? Tangu lini hajakojoa?" Nikasema labda tangu jana. Akasema, "Mlete sasa hivi. Usingoje kuche."

Saa nne usiku natafuta bajaji Ujiji. Nimemfunga kwenye kanga ya mama, kichwa nje, hana hata nguvu ya kunikwaruza. Tumefika karibu na Gungu mvua ikaanza, na yeye akanyamaza kabisa. Wakuu umeme umekatika huku, simu ina asilimia tatu, narudi.

MwishoWaReli:
Mkuu usituache hapo! Alipona?

MamaWawili:
Nimeketi na simu mkononi, ugali unaungua.

MzeeWaKatonga:
Samahanini wanangu. Paka ni wa kukamata panya. Kununua chakula cha paka dukani wakati kuna watoto wanalalia uji mimi naona si sawa. Paka wa bibi yangu alikula ugali na kichwa cha samaki, mgebuka, akaishi miaka na miaka.

BintiKibirizi:
Shikamoo baba. Kumjali paka hakumnyang'anyi mtoto chakula chake. Na paka wa bibi usimhesabie ugali tu. Usiku alikuwa anakula panya na mijusi, na hicho ndicho kilichomweka hai.

MzeeWaKatonga:
Marahaba. Lakini la bei hujanijibu.

Sikonge_Asali:
Mzee, bei nitaijia. Mimi niko Tabora, paka wetu wanalinda magunia ya mahindi, na ndio walionifundisha. Panya mmoja zaidi ya nusu ya mwili wake ni maji. Paka akila panya amekula na kunywa kwa wakati mmoja. Asili yake ni paka mwitu wa nchi kame, hana kiu kama ya mbwa. Sasa wewe unampa punje ambazo katika gramu 100 maji hayafiki hata gramu 10, halafu unategemea atakumbuka kunywa mwenyewe. Hakumbuki. Chakula cha kopo gramu 75 mpaka 80 ni maji.

Kuhusu kiasi: paka mzima wa kilo nne anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku. Punje gramu 100 zina kama 350 hadi 400, kopo gramu 100 lina kama 80 hadi 100. Ndiyo maana akijimwagia punje ananenepa upesi. Wangu wa nyumbani napima gramu 30 za punje na kama gramu 100 za laini, nagawa mara mbili. Soma na karatasi ya mfuko, maana punje hazilingani.

Na la bei, mzee: laini si lazima iwe kopo. Dagaa wakavu kidogo tu wanatosha kulainisha.

MwishoWaReli:
Kumbe! Basi mimi wangu nampa dagaa wabichi asubuhi, mchana, jioni, punje hajui hata harufu yake. Maji anayapata humo humo.

Sikonge_Asali:
Hapo usifurahi bado. Samaki mbichi wengi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akiishi kwa hao tu anaweza kuanza kuyumba, kichwa kinainama, hata degedege. Wachemshe. Na hata wa kuchemsha wasiwe chakula pekee kila siku.

MwishoWaReli:
Nimezaliwa Kigoma, paka wote wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanakula mbichi. Hujawahi kuishi mwaloni wewe.

Sikonge_Asali:
Wa mwaloni wanakula na panya, na matumbo ya samaki wakubwa, na vya jalalani. Wako umemfungia ndani, hana pa kuongezea. Sikudharau mwaloni kaka.

Dada_wa_Cheyo:
Msigombane. Mimi nasema kavu ibaki, inasafisha meno.

BintiKibirizi:
Dada, wangu anameza punje nzima nzima bila kutafuna. Meno yanasafishwa wapi?

MzeeWaKatonga:
Hao wanaojidai kuchagua, mnyime siku tatu. Atakula chochote.

Dada_wa_Cheyo:
Hapana baba, tafadhali, hilo asilifuate mtu. Nilifanya hivyo hivyo kwa jike wangu mnene. Nilitaka aache laini ahamie punje, nikasema njaa itamfundisha. Siku ya nne masikio yake kwa ndani yalikuwa ya njano. Paka asipokula siku kadhaa, hasa mnene, mafuta yanajaa kwenye ini. Nilimlisha kwa bomba la sindano wiki tatu, usiku na mchana, na hakupona. Mpaka leo najilaumu. Ukibadilisha chakula, changanya kidogo kidogo siku saba hadi kumi, kile anachokijua kikiwa kingi mwanzoni.

MzeeWaKatonga:
Pole sana binti. Nimeliondoa neno langu.

Nyau_Ujiji:
Nimerudi, umeme umewaka.

Alikuwa hai, ila wa baridi. Daktari alikuwa ametutangulia mlangoni na tochi. Akasema madume njia yao ya mkojo ni nyembamba sana, vijichanga vikijikusanya inaziba, na mkojo ukirudi nyuma sumu inaenda kwenye moyo. Alituambia wazi kwamba siku mbili zikipita wengi hufa. Mpira wa mkojo wa saizi ya paka hakuwa nao. Akachukua kanula, ile ya dripu ya mtoto mchanga, akatoa sindano, akabaki na kile kimpira laini. Akamchoma ya usingizi. Alisukuma maji ya chumvi taratibu, labda nusu saa, mimi nimeshika tochi na mkono unatetemeka. Ghafla mkojo ukaruka mpaka kwenye shati lake, mwekundu, una chembe kama mchanga wa Bangwe. Nililia wakuu, mtu mzima.

Alikaa na ule mpira siku tatu. Daktari hakusema punje ndiyo sababu pekee, alisema unene, kukaa ndani na maji kidogo vinachangia pamoja. Kutoka siku hiyo kavu napima, asubuhi naondoka nimeilowanisha, usiku namchemshia supu ya dagaa. Koroboi yupo, amelala hapa kwenye kapu la nguo safi.

MamaWawili:
Alhamdulillah. Sasa naweza kula ugali wangu ulioungua.

MwishoWaReli:
Pole na hongera mkuu. Hiyo supu unaipikaje? Wangu ni dume.

Nyau_Ujiji:
Dagaa wakavu kiganja kimoja, waoshe mchanga wote utoke, waliotiwa chumvi waloweke usiku na umwage maji hayo. Chemsha kwa maji mapya. Usitie chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, vitunguu ni sumu kwake. Ile supu usiimwage, ndani yake mna taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa macho na moyo vinaharibika. Mwagia juu ya punje ikipoa.

Dada_wa_Cheyo:
Kwa joto la Tabora baada ya saa moja au mbili ondoa kilichobaki, kinachacha. Na maji yake weka kwenye chungu, mbali na chakula. Wangu chungu anakipenda kuliko plastiki.

MzeeWaKatonga:
Kwangu kuna paka mmoja anakuja jioni, si wangu. Nimemwekea maji kwenye kigae. Je, kichwa cha mgebuka nichemshe kwanza?

BintiKibirizi:
Chemsha baba, utoe na miiba.

MwishoWaReli:
Nimemwagia supu sasa hivi. Ananusa.