Mjadala: Ni haki kumwachisha mtu ARV ili kupima tiba mpya ya VVU?

Wakuu, nianze na kirusi chenyewe, maana tunabishana kuhusu maadili bila kujua kwa nini dawa hizi ni za maisha.

Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, yaani seli ya kinga ya mwili, hujipachika katikati ya jeni zetu. Seli ikitulia, nacho hulala. Sasa ndani ya seli hiyo kuna protini iitwayo NF-kB. Ukipatwa na maambukizi, TB kwa mfano, protini hiyo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za mapambano. Ujanja wa kirusi ni kwamba mwanzoni mwa jeni zake kimeweka vituo ambavyo NF-kB hujishikiza. Aina C ya VVU, iliyotapakaa kusini mwa Afrika na iliyopo pia Tanzania, mara nyingi ina vituo vitatu badala ya viwili. Kinga ikiamka, mwizi naye anaamshwa. ARV haimgusi aliyelala.

Wapo watafiti wanaotaka kumwamsha makusudi auawe, wapo wanaotaka kumfungia asiamke kabisa. Lakini kujua kama njia imefanikiwa, huishia palepale: mgonjwa aache dawa, asubiriwe. Durban, Afrika Kusini, wanawake 20 walishaingia kwenye jaribio la kuachishwa dawa. Mimi napinga, walau kwa sasa. Mtu kahangaika miaka mpaka virusi havionekani, halafu unamwambia aache?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, utapimaje vinginevyo? Yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa 2010, alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na vipimo vikawa shwari. 2014 kirusi kikarudi. Damu ilidanganya! Isitoshe, washiriki hupimwa mara kwa mara, kikipanda wanarudishiwa dawa.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye vipimo umenibana, nakubali. Ila mwenza je? Virusi visipoonekana haambukizi. Vikirudi anaambukiza, na mwenzake hakusaini fomu yoyote.

Mchangiaji wa tatu: Mwenza apewe PrEP, zile dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, jibu ndilo hilo.

Mwanzisha mada: Dada yangu, kuna wanawake wanaohamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kopo likitikisika linalia, mume atasikia. Huyo anaanzaje kumpeleka mumewe kliniki akachukue PrEP?